Kuikabidhi akili mnemba kazi ya malipo: mwongozo kamili kwa mwandishi wa programu mzoefu

Julai 2025 shirika la utafiti la METR lilitoa matokeo yaliyowashtua wengi katika kazi yetu. Waandishi wa programu 16, wote wakongwe, walifanya kazi 246 halisi katika miradi ya chanzo huria ambayo walikuwa wameitumikia kwa wastani wa miaka mitano. Kila kazi iligawiwa kwa bahati nasibu: hii utatumia akili mnemba, hii hutatumia. Walipomaliza walisema zana za akili mnemba zimewaharakisha kwa asilimia 20. Saa ilisema kinyume. Kazi zilizofanywa kwa zana zilichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19.

Sikuelezi haya ili uache kuzitumia. Zana walizotumia wale zilikuwa za mwanzoni mwa 2025, nami nazitumia kila siku ya kazi. Ninalolichukua pale ni pengo kati ya hisia na saa. Msimbo ukitiririka kwenye skrini mtu huona anasonga, hata kama dakika zake zote zinaishia kusoma, kusahihisha na kuomba upya. Mzoefu ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu kazi anayoijua vilivyo angeiandika mwenyewe na kuimaliza huku bado anaunda maelezo ya kumpa mashine.

Mwongozo huu wote unasimama juu ya jambo moja: amua utakavyojua kwamba kazi ni sahihi kabla hujaomba mstari wa kwanza wa msimbo. Ukiwa na kipimo, zana ni msaidizi hodari. Usipokuwa nacho, utakubali kitu kwa sababu kinapendeza macho.

Nitafuata kazi moja mwanzo hadi mwisho: kupokea malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, API ya Safaricom nchini Kenya, yaani njia ambayo programu nyingine huzungumza na mfumo wao. Wengi wetu tumeishika, na ina mitego ambayo mashine huangukia kwa utulivu kabisa. Kwa ambaye hajaishika, mambo huenda hivi. Mfumo wako unatuma ombi la STK Push, simu ya mteja inaonyesha dirisha la kuweka PIN, mteja anakubali au anakataa, kisha Safaricom wanatuma ujumbe wa matokeo kwenye anwani uliyowapa katika CallBackURL. Ujumbe huo ndio unaosema kama pesa imeingia.

Hatua ya 1: Chagua kazi inayofaa kukabidhiwa

Jiulize maswali mawili. Nikipewa jibu, nitaweza kulikagua kwa haraka kuliko kuliandika? Na likiwa na kosa lililofichika, nani ataumia?

Kazi ambazo mimi huzikabidhi bila kusita ni zile zenye mfano tayari ndani ya mradi: fomu ya kumi inayofanana na tisa zilizotangulia, majaribio ya ziada kwa kitendakazi (kipande cha msimbo chenye kazi moja) kilichopo, kuhamisha msimbo kutoka toleo la zamani la maktaba (msimbo wa wengine unaoazima) kwenda jipya, kusoma mfumo nisioujua na kunieleza njia ambayo ombi linapita. Hili la mwisho halisifiwi inavyostahili. Ukirithi mfumo wa mtu aliyeondoka bila kuacha maelezo, kuuliza “salio la mteja linabadilishwa wapi, taja faili na mistari” kunaokoa asubuhi nzima, na kila jibu unaweza kulifungua ukaliona kwa macho yako.

Kazi ninazozishika mwenyewe ni muundo wa jedwali la fedha, ruhusa za watumiaji, na chochote ambacho siwezi kukirudisha nyuma kikiharibika. Kupokea malipo kuko katikati. Sehemu ya kusoma ujumbe na kuupanga naikabidhi. Uamuzi wa wakati gani pesa inahesabiwa kuwa imeingia nauandika kwa mkono wangu.

Hatua ya 2: Andaa chumba kabla mgeni hajaingia

Hifadhi kila kitu kwenye git, mfumo unaotunza historia ya msimbo, kisha fungua tawi jipya, yaani nakala ya kufanyia kazi pembeni. Usiruhusu zana ianze kazi ukiwa na mabadiliko yako ambayo hayajahifadhiwa, kwa kuwa siku utakayotaka kufuta yake utafuta na yako.

Ondoa siri. Daraja ina Consumer Key, Consumer Secret na Passkey, na mara nyingi zinakaa kwenye faili la .env ndani ya folda ileile ambayo zana inasoma. Weka funguo za mazingira ya majaribio pekee kwenye mashine unayofanyia kazi. Za mfumo hai zikae kwenye seva. Usitegemee orodha ya faili ambazo zana imeambiwa isizisome, maana zana yenye ruhusa ya kuendesha amri kwenye terminali ina njia nyingi za kufikia faili.

Hifadhidata iwe ya majaribio, na akaunti inayoiingilia isiwe na uwezo wa kugusa ile ya wateja. Hili silegezi. Zana zinazojiendesha zenyewe husoma kosa, huamua dawa, huendesha amri, na zinaweza kuamua kwamba dawa ni kufuta jedwali na kulijenga upya. Kuziandikia “usifute kitu” ni ombi tu. Kuzinyima ruhusa ndiko kuzuia.

Kuna pia data ya watu. Ukikwama, kishawishi ni kunakili kumbukumbu za mfumo jinsi zilivyo na kuzibandika. Ndani yake mna namba za simu za wateja, kiasi walicholipa na saa. Sheria ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022 kuhusu ulinzi wa taarifa binafsi zote zina masharti kuhusu kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, na seva za modeli, yaani akili mnemba zinazoendesha zana hizi, kwa kawaida ziko mbali. Tengeneza data ya kubuni mara moja, iweke kwenye mradi, uitumie siku zote.

Hatua ya 3: Andika agizo la kazi kama unavyomwandikia fundi usiyemjua

Fundi mgeni ana mikono mizuri lakini hajui nyumba yako. Hajui kwamba ukuta ule una bomba. Agizo langu la kazi hii linafanana na hili:

Lengo: pokea ujumbe wa matokeo wa STK Push na uandike malipo mara moja tu.
Gusa faili mbili: malipo/pokea.py na majaribio/test_pokea.py.
Usiongeze maktaba. Usibadilishe muundo wa majedwali. Ukiona ni lazima, simama uniulize.
Kiasi ni namba kamili ya shilingi, bila desimali.
TransactionDate inakuja kwa saa za Afrika Mashariki. Hifadhi kwa UTC.
ResultCode (namba ya matokeo) isipokuwa 0, sehemu ya CallbackMetadata (maelezo ya malipo) haipo.
Fuata mtindo wa malipo/pokea_benki.py.
Kabla ya kuandika chochote nipe mpango usiozidi mistari kumi, na maswali uliyo nayo.

Mstari wa mwisho ndio wenye thamani kubwa kuliko yote. Mpango wa mistari kumi unausoma kwa dakika moja, na kosa la uelewa unalikamata hapo, kabla halijawa mistari mia nne.

Lugha je? Modeli kubwa za sasa zinaelewa Kiswahili cha kutosha kupokea agizo kama hilo, na mimi huandika kwa Kiswahili pale ambapo jambo lenyewe nimelifikiria kwa Kiswahili, kwa mfano kanuni za chama cha akiba ambazo wanachama walinieleza kwa mdomo. Ujue tu kwamba Kiswahili hukatwa tokeni nyingi zaidi kuliko Kiingereza, yaani vipande vya maneno ambavyo modeli husoma na kutoza, hivyo gharama hupanda kidogo. Majina ya vitu yabaki kama yalivyo kwenye msimbo.

Chunga saa. Mteja akikwambia “ripoti itoke saa mbili usiku,” wewe na mimi tunajua ni 20:00. Ukibandika sentensi hiyo ilivyo, uko katika hatari ya kupata kazi iliyopangwa 02:00, na jaribio lililoandikwa na mashine ileile litathibitisha kwamba 02:00 ni sahihi. Andika saa kwa mfumo wa saa 24 kila mara. Vivyo hivyo na fedha: katika ISO 4217, kiwango cha kimataifa cha sarafu, shilingi ya Kenya na ya Tanzania zina nafasi mbili za desimali, lakini shilingi ya Uganda, faranga ya Rwanda na faranga ya Burundi hazina hata moja. Mashine iliyozoea kuzidisha kila kitu kwa 100 itamtoza mteja wa Kampala mara mia.

Hatua ya 4: Andika orodha ya majaribio mwenyewe

Hapa ndipo uzoefu wako unapolipwa, nami nakaa hapa muda mrefu kuliko popote. Mashine inaweza kuandika msimbo wa majaribio. Kinachojaribiwa ukiamue wewe, kwa sababu ikiandika vyote viwili itathibitisha ilichokidhani.

Orodha yangu kwa kazi hii huanza na jambo lililowahi kuniumiza katika mradi mmoja: ombi likikubaliwa si kwamba pesa imelipwa. Unapotuma STK Push, jibu la papo hapo linakuja na ResponseCode yenye thamani 0. Maana yake ni kwamba ombi limepokelewa ili lishughulikiwe, basi. Mteja bado hajaweka PIN. Nimeona msimbo uliotungwa na mashine, nadhifu, wenye maelezo mazuri juu ya kila kitendakazi, ukiandika “imelipwa” hapo hapo. Jaribio: tuma ombi, pokea 0, usilete ujumbe wa matokeo, oda ibaki “inasubiri”.

Linalofuata ni mteja aliyekataa. Ujumbe unakuja na ResultCode 1032 na hauna CallbackMetadata. Msimbo unaochimba moja kwa moja kutafuta MpesaReceiptNumber, namba ya risiti, utaanguka, na katika mifumo mingine kuanguka huko hakuonekani popote. Oda inabaki inasubiri milele na mteja anapiga simu dukani.

Ujumbe uleule ukija mara mbili. Mtandao ni mtandao, na mfumo wowote wa malipo uandikwe kwa kudhani kwamba ujumbe unaweza kurudiwa, kuchelewa, au kutofika kabisa. Zana nyingi zitakupa suluhisho la kuangalia kama risiti ipo, na kama haipo iandikwe. Linafaulu jaribio la kawaida. Lakini jumbe mbili zikifika kwa wakati mmoja, zote mbili zitaangalia, zote zitakuta hamna, zote zitaandika, na mteja aliyelipa 500 atahesabiwa 1,000. Dawa iko kwenye hifadhidata yenyewe: weka sharti la upekee kwenye MpesaReceiptNumber, acha uandishi wa pili ukataliwe, na ukataliwaji huo uuchukulie kama jambo la kawaida. Jaribio lake lazima litume jumbe mbili sambamba. Zikitumwa moja baada ya nyingine, jaribio halijaribu kitu.

Ujumbe wa uongo. Anwani yako ya kupokelea iko wazi kwenye intaneti, na muundo wa ujumbe uko kwenye nyaraka za umma. Mtu yeyote anaweza kujitumia ResultCode 0. Basi jaribu: CheckoutRequestID (namba ya ombi lako la malipo) isiyojulikana ikataliwe, kiasi kisicholingana na oda kisifungue oda, na kabla ya kutoa bidhaa ya thamani, mfumo uwaulize Safaricom upya hali ya malipo kwa stkpushquery. Jambo hili mashine mara nyingi hailitaji usipoliuliza, kwa sababu kazi uliyoipa ni “pokea ujumbe,” nayo imepokea.

Mwisho, namba za simu. Mifano mingi kwenye mtandao inakagua kwamba namba inaanza na 2547. Mifano hiyo ni ya zamani, nayo ndiyo modeli zilijifunza. Kenya ina namba za 011 tangu miaka kadhaa, kwa hiyo 2541 ni halali, na mteja mwenye laini hiyo atakataliwa na mfumo wako huku akitazama salio lake. Weka namba moja ya kila aina kwenye majaribio.

Endesha majaribio haya kabla msimbo haujaandikwa, uyaone yakifeli. Jaribio ambalo halijawahi kufeli mbele yako bado hujui linapima nini.

Hatua ya 5: Kipande kidogo, soma, hifadhi

Omba kitu kimoja. Soma mabadiliko mstari kwa mstari. Endesha majaribio. Hifadhi komiti, yaani hatua moja katika historia ya git. Rudia. Kipimo changu cha ukubwa ni ninachoweza kusoma kwa makini bila kuruka, na kwa msimbo wa fedha hicho ni kama mistari mia moja na hamsini. Ikiletwa mistari elfu moja sianzi kuisoma. Naifuta na kugawa kazi upya, na sioni haya kufanya hivyo, kwa sababu mistari hiyo haikunigharimu kitu zaidi ya dakika nne.

Hatua ya 6: Soma kwa jicho la kutafuta, si la kuridhika

Msimbo wa mtu una alama za uchovu wake: jina baya, sehemu iliyoachwa nusu. Msimbo wa mashine ni nadhifu kila mahali, hata pale ulipokosea, kwa hiyo unadhifu hauwezi kukuongoza. Tafuta mambo mahususi.

Je, majaribio yako yameguswa? Zana ikishindwa kufaulisha jaribio, wakati mwingine hulilegeza au huliruka. Tazama faili za majaribio kwanza kabla ya kingine chochote.

Je, kuna makosa yanayomezwa? Sehemu inayokamata kila hitilafu na kurudisha “sawa” ni tabia ya kawaida ya zana hizi. Katika malipo, kosa lililomezwa ni pesa iliyopotea bila alama.

Je, kuna maktaba mpya? Watafiti waliopima modeli 16 kwa sampuli 576,000 za msimbo wa Python na JavaScript walikuta karibu moja kati ya kila maktaba tano zilizopendekezwa haipo kabisa, na majina ya kubuni yalifika 205,474. Hatari ni kwamba mtu mwenye nia mbaya husajili jina lililobuniwa na kuweka humo programu haribifu, akingoja uisakinishe. Kabla ya kusakinisha, fungua ukurasa wa maktaba yenyewe, tazama umri wake, historia yake na wanaoitunza.

Je, kuna kitu ambacho hukukiomba? Ufutaji wa maoni yaliyoeleza kwa nini mstari fulani uko vile, mpangilio mpya wa faili, sehemu ya “maboresho”. Rudisha vyote. Vikiwa vizuri, vije kwenye komiti yake.

Na swali langu la mwisho kwa kila mstari wa fedha: naweza kumweleza mwenzangu kwa maneno kwa nini uko hivi? Nikishindwa, haupiti, hata kama majaribio yote ni ya kijani, yaani yamefaulu.

Hatua ya 7: Jua wakati wa kuzima

Zana ikikosea mara mbili katika jambo lilelile, simama. Jaribio la tatu ndani ya mazungumzo hayohayo huwa baya zaidi, kwa kuwa makosa mawili ya mwanzo bado yamo kwenye kumbukumbu ya mazungumzo na yanaivuta. Rudisha faili kwenye komiti ya mwisho, fungua mazungumzo mapya, andika agizo upya ukieleza ulichojifunza. Ikikosea tena, andika mwenyewe. Mara nyingi wakati huo tayari umeshalielewa tatizo kiasi kwamba mikono inajua pa kuanzia.

Hatua ya 8: Ukiwa na timu

Komiti ina jina lako. “Iliandikwa na AI” haliwi jibu pale fedha za mteja zinapopotea, na timu inapaswa kukubaliana hivyo kwa sauti, siku ya kwanza.

Nina wasiwasi wa dhati kuhusu chipukizi. Sisi tuliyajua haya ya ujumbe kurudiwa kwa kukesha na hifadhidata iliyoharibika. Kijana anayepewa jibu tayari hapati makovu hayo, na siku moja ataombwa akague msimbo bila kuwa na cha kukagulia. Ninachofanya na wale ninaowalea ni hiki: wao wanaandika orodha ya majaribio kwanza, peke yao, kwenye karatasi, tunaijadili, ndipo wanaruhusiwa kufungua zana. Wiki za mwanzo orodha zao huwa na mstari mmoja au miwili. Baadaye wanaanza kuniletea hali ambazo mimi sikuzifikiria.

Hatua ya 9: Pima saa zako kwa wiki mbili

Chukua daftari. Kwa kila kazi andika makadirio yako kabla ya kuanza, kama utatumia zana au la, muda halisi mpaka kuunganishwa kwenye tawi kuu, na kasoro zilizojitokeza baadaye. Kwa kazi zinazofanana rusha sarafu uamue, kama walivyofanya METR, ili usichague kwa mapenzi. Hesabu na muda wa kusoma na wa kurudia, pamoja na bili ya tokeni, ambayo inakuja kwa dola.

Daftari langu la mwisho lilinionyesha kwamba katika majaribio na katika kusoma mifumo ya kurithi nilipata faida kubwa, na kwamba katika mradi ninaoujua kwa miaka sita nilikuwa napoteza. Tangu hapo zana kwenye mradi ule naifungulia kazi za majaribio peke yake. Kitendakazi cha kuhesabu pesa iliyoingia bado kina mistari 31, na yote niliiandika mimi.